Mahali Baba Alipojifunza Kusema Tena

Jengo lile siku hizi ni jumba la sanaa. Limepakwa rangi nyeupe, madirisha yamewekwa vioo vikubwa, na jioni huwashwa taa za chini chini zinazomulika ukuta wa mawe. Wageni wakija Eldoret hupelekwa pale wapige picha kabla ya kwenda kutazama wakimbiaji wakifanya mazoezi. Sina ugomvi na sanaa. Lakini nikifika sehemu ile ya mji huvuka barabara nikapita upande wa pili, kwa sababu ndani ya jengo hilo baba yangu alipata sauti yake, na humo humo akaiacha.

Yeye alilijua jengo hilo kabla yangu. Alipokuwa mtoto lilikuwa klabu ya masetla, wazungu wenye mashamba. Nyanya yangu, ambaye alihamia huku na watu wake kutoka upande wa Kiambu kutafuta kazi ya shamba, alikuwa akipeleka mboga mlango wa jikoni, na baba akibaki nje karibu na mapipa akisikia watu wakicheka ndani. Uhuru ulipokuja klabu ikafa, jengo likawa maktaba ya mji. Meza za mchezo zikaondolewa, rafu zikaletwa, na vitabu vikapangwa pale palipokuwa na chupa. Baba, kijana wakati huo, aliingia kwa mlango wa mbele. Alitusimulia habari hiyo mara nyingi sana tulipokuwa wadogo, na kila mara alimalizia kwa maneno yale yale: "Nilisimama pale katikati, na hakuna aliyeniuliza natafuta nani."

Baadaye alifungua duka katika mji mdogo wa Turbo. Aliuza mbegu za mahindi, misumari, mafuta ya taa, kamba za kufungia ng'ombe. Akija mjini kununua bidhaa hakurudi bila kitabu. Alikuwa muongeaji. Wateja walikuwa wanakuja kununua kiberiti wanajikuta wamekaa kwenye gunia wakisikiliza hadithi ya nchi ambayo hawatawahi kuiona. Mama yangu alikuwa akimwambia, "Wewe ungeuza maneno tungekuwa matajiri." Mama alitangulia kufa, na baba akaendelea kuongea peke yake dukani hata wateja wasipokuwepo.

Kiharusi kilimkuta nyuma ya kaunta. Mteja mmoja alimwona akitafuta kitu kwenye rafu, akitafuta na kutafuta, kisha akateleza taratibu mpaka chini. Hospitalini walimwokoa. Mkono wa kulia ulibaki mzito na mguu ukawa wa kuburuta, lakini vyote viwili vilianza kurudi. Maneno ndiyo hayakurudi.

Nilimleta kwangu, mtaa wa Langas, kwenye vyumba viwili ninavyopanga. Mimi ni fundi wa nguo, nashona sare za shule kwenye kibanda karibu na soko la mjini. Siku za kwanza nilidhani baba amerukwa na akili. Akitaka ugali anasema "gari". Akitaka maji anasema "mlango". Nilipompa sweta alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa shukrani, "Jumatatu." Hata Kikuyu chetu cha nyumbani kilikuwa kimekatika vipande. Na kilichoniumiza zaidi ni kwamba alijua. Neno likitoka vibaya alilisikia, akatikisa kichwa, akajaribu tena, likatoka baya zaidi. Mwishowe anafunga mdomo na machozi yanateremka bila uso wake kubadilika.

Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini, dada mmoja mpole, alinieleza kwamba akili ya baba iko sawa. "Maneno yamo ndani, Mama," aliniambia. "Njia ndiyo imefungwa. Asome kwa sauti kila siku. Hata kama ni kitabu cha watoto wa nasari. Asome, asome, asome."

Lakini asome wapi? Upande mmoja wa nyumba yetu kuna fundi anayechomelea milango ya chuma kutoka asubuhi. Upande mwingine kuna kinyozi mwenye spika. Baba akianza kusoma, watoto wa ploti yetu, wa vyumba vya wapangaji wenzetu, wanakusanyika dirishani, wanasikia mzee mzima akishindwa na neno "kuku", wanacheka. Hawakuwa na ubaya. Ilikuwa inachekesha. Baba alifunga kitabu na hakukigusa tena wiki hiyo.

Ndipo nikakumbuka maktaba. Nilimpeleka asubuhi moja yenye baridi na ukungu, nikamweleza mkutubi, mama mtu mzima aliyevaa sweta mbili moja juu ya nyingine kwa sababu kuta zile za mawe hazikuwahi kupata joto. Nilijua kwamba nilikuwa naomba kitu cha ajabu. Nilikuwa naomba mtu aruhusiwe kupiga kelele maktabani.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwangalia baba, akasema, "Mzee, hapa ndani kazi yangu ni kunyamazisha watu. Wewe nitakulazimisha kuongea."

Alitupatia chumba cha watoto. Asubuhi watoto walikuwa shuleni, na chumba kilikuwa nyuma kabisa, na mlango mzito. Kulikuwa na viti vifupi vya mbao. Baba alikaa kwenye kimoja magoti yakiwa karibu kugusa kidevu, akafunguliwa kitabu chenye picha ya mbuzi. Mkutubi akaweka kidole chini ya neno.

"Mmm," baba alisema. "Mmm. Mbu."

"Mbuzi."

"Mbu. Mbu. Mbuzi."

Niliwaacha hapo nikaenda kazini. Nilishona kola za sare siku hiyo na sikuona nilichokuwa nashona.

Tulifanya hivyo miezi mingi. Asubuhi namleta kwa boda boda, naye ameshika jaketi la dereva kwa mkono mmoja mzima, na adhuhuri nafunga kibanda nakuja kumchukua. Alipanda polepole kutoka kitabu cha mbuzi hadi cha hadithi za sungura, kisha vya darasa la tatu. Kuna siku tulifika nyumbani akasimama mlangoni akasema sentensi nzima, ya kwanza tangu aanguke: "Leo mvua itanyesha." Ilikuwa imeshanyesha, tulikuwa tumelowa wote wawili. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, na hicho kicheko kilikuwa kile kile cha Turbo.

Hapo maktabani ndipo alipopata rafiki. Alikuwa mzee wa Kisomali aliyeendesha lori maisha yake yote, kutoka Mombasa hadi mpakani, kabla ya kuwaachia wanawe magari. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na madaktari walikuwa wamemwambia hakuna jambo litakalosaidia. Hata hivyo alikuja maktabani kila siku baada ya swala ya asubuhi, akaomba gazeti, akalifungua mezani, akakaa nalo. Mkutubi aliniambia wakati mwingine alilishika juu chini.

Siku moja alisikia sauti kwenye chumba cha watoto akaifuata kwa fimbo yake. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekuja mapema.

"Nani anasoma?" aliuliza.

"Ni baba yangu, Mzee. Anajifunza upya. Alikuwa mgonjwa."

"Na mimi pia mgonjwa," alisema, akatafuta kiti. "Aache hiyo ya sungura. Asome gazeti."

Baba alikataa kwa kichwa, kisha akakumbuka mwenzake haoni, ikabidi aseme. "Hapana. Siwezi."

"Kama unaweza kusema huwezi, unaweza. Soma."

Basi ikawa hivyo. Baba alisoma kichwa cha habari kwa mahangaiko, jasho likimtoka, na yule mzee, ambaye alikuwa ameshasikia habari zote redioni alfajiri, alimrekebisha bila huruma. "Wallahi, si mahindi. Mawaziri! Mahindi yatajiuzuluje?" Baba alicheka na kurudia. Mawaziri. Mawaziri. Sijui kama wangekuwa marafiki kama wote wawili wangekuwa wazima. Mmoja alikuwa na duka la wakulima, mwingine alikuwa na malori, na katika mji huu watu hukaa na watu wao. Lakini pale chumbani mmoja alikuwa na macho na mwingine alikuwa na maneno, na walikaa kwenye viti vya watoto mpaka wakasahau kwamba ni vifupi.

Baba akafikia kusoma ukurasa mzima wa gazeti, wa matangazo ya mazishi na ya mashamba. Mtaalamu wa hospitali alimsikiliza akaniambia, "Endeleeni hivyo hivyo. Msiache. Akiacha, njia inaziba tena." Nilimwambia hatutaacha. Nilisema kwa urahisi sana.

Tulipofika asubuhi moja tulikuta mlango umefungwa kwa mnyororo na karatasi imebandikwa. Maktaba imefungwa kwa ukarabati. Samahani kwa usumbufu. Baba ndiye aliyenisomea, neno kwa neno, kwa sauti, na alipofika "usumbufu" alilitamka bila kujikwaa, akanigeukia kwa furaha kidogo kabla maana haijamfikia.

Mkutubi nilimpigia simu. Alisema wameambiwa paa linavuja, ni kazi fupi, vitabu vimepelekwa stoo, vitarudi. Mwenyewe alikuwa amehamishiwa mji mwingine. "Lakini msikate tamaa, Mama yangu," alisema. "Baba amefika mbali."

Wazee wale wawili hawakuacha mara moja. Walikaa kwenye ngazi za nje, mahali palipopata jua, wakasoma gazeti hapo. Kisha uzio wa mabati ukawekwa na mlinzi akawaomba wasogee. Wakahamia dukani kwa mtoto wa yule mzee, mahali pa kupokelea mizigo. Mahali pale kuna wapakiaji wanaoita, magari yanayorudi nyuma yakilia, wateja wanaogombania katoni. Baba alipaza sauti ili rafiki yake asikie, na alipopaza sauti maneno yalipotea njia. Mpakiaji mmoja alimuiga. Wenzake wakacheka. Rafiki yake alimfokea kijana yule kwa Kisomali, kwa hasira iliyonyamazisha duka lote, lakini baba alikuwa ameshakunja gazeti. Alilikunja vizuri sana, pembe kwa pembe.

"Twende," aliniambia nilipokuja.

Nilienda kuuliza. Niliuliza ofisi moja, wakanituma nyingine, na huko nikamngoja bwana mmoja mpaka akatoka kwenye mkutano. Alikuwa mtu mstaarabu. Alinipa kiti.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Hiyo nyumba haitarudi kuwa library. Kuna mpango mzuri zaidi. Mji unakua. Tunataka mahali pa sanaa, pa utamaduni, mahali hata mgeni akija anaona tuko na kitu."

"Na vitabu?"

"Siku hizi kila kitu kiko kwa simu. Watoto wako wanasoma kwa simu, si ndio?"

Nilimweleza habari za baba. Nilimweleza chumba cha nyuma, mlango mzito, viti vifupi. Alisikiliza akitikisa kichwa kwa masikitiko, na naamini alisikitika kweli. Alisema ni hadithi nzuri. Alisema ningeiandika. Kisha simu yake ikalia.

Nikajaribu nyumbani. Nilijaribu kanisani siku za katikati ya wiki, lakini kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Nilijaribu kibandani kwangu, kati ya cherehani tatu za majirani. Kila mahali baba aliangalia huku na huku kwanza, kuona ni nani anayesikia, na hapo hapo kinywa kikakataa. Neno "mawaziri" lilipotea. Lilifuata "mvua". Nilikuwa nayaona yakiondoka moja moja, kama mtu anayetazama nyumba ikihamishwa vyombo. Mtaalamu wa hospitali naye alikuwa ameenda nchi za nje kutafuta kazi bora, na aliyekuja badala yake alikuwa na wagonjwa wengi mno.

Yule mzee wa Kisomali alichukuliwa na binti yake aende kuishi naye Garissa. Alikuja Langas kuaga, akiongozwa na mjukuu, akipita kwenye matope ya ploti yetu na kanzu yake nyeupe. Walikaa kitandani wameshikana mikono. Hakukuwa na la kusoma na hakukuwa na la kusema. Baadaye alikuwa akipiga simu. Mjukuu anabonyeza namba, mimi namshikishia baba simu sikioni, na namsikia yule mzee kwa mbali akieleza habari za joto na mbu na bei ya ngamia, akinyamaza kumpa mwenzake nafasi, na baba anahema tu. Anahema kwa nguvu, ili asikike kwamba yupo. Simu hizo zilikuja kila Ijumaa, kisha mara chache. Kisha mjukuu akapiga kutuambia wamemzika.

Baba nilimwambia mchana, tukiwa tumekaa nje kwenye jua. Mdomo wake ukafunguka, ulimi ukajaribu, na hakuna kilichotoka, hata neno baya, hata "gari".

Jumba la sanaa lilifunguliwa mwaka uliofuata. Jirani yangu wa sokoni aliniambia kwamba siku ya kwanza kiingilio ni bure na kuna soda. Sijui ni nini kilichonifanya nimpeleke. Nadhani nilitaka aone tena kuta zile. Nilimvalisha koti lake la Jumapili, nikamfunga tai.

Watu walikuwa wengi, vijana waliovaa vizuri, wazungu wawili watatu, kamera. Hakuna aliyetuzuia. Msichana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alitukaribisha kwa heshima, akamshika baba mkono kumpandisha ngazi, akamletea soda. Nasema haya kwa sababu ningependa kuwa na mtu wa kumlaumu, na sikumpata.

Sehemu ya mbele ilikuwa na picha za wakimbiaji na za mashamba ya ngano. Baba alipita bila kutazama. Mguu wake unaoburuta ulikuwa unajua njia. Alienda moja kwa moja nyuma, kwenye chumba cha watoto, nami nikamfuata.

Mlango mzito ulikuwa umeondolewa. Viti havikuwepo. Ukuta wote wa upande wa pili, kutoka chini mpaka dari, ulikuwa umejengwa kwa vitabu. Vilikuwa vimepangwa kama matofali, vikamiminiwa gundi, vikapakwa rangi, buluu upande mmoja ikigeuka nyekundu upande mwingine. Rangi ilikuwa nyepesi kiasi cha kuona mihuri ya maktaba kwenye baadhi ya migongo. Vilikuwa vitabu vile vile. Stoo ilikuwa imevuja, nikaja kuambiwa, mchwa wakaingia, na vilivyobaki alipewa msanii ili visitupwe.

Baba alisogea mpaka karibu kabisa. Alinyoosha mkono, akashika kitabu kimoja chembamba kwa vidole, akakivuta. Hakikutoka. Akashika ukingo wa jalada akajaribu kulifungua. Kucha zake zilikwaruza gundi.

"Mzee, pole sana," yule msichana alisema taratibu. "Hizi hatugusangi."

Baba hakusikia, au hakujali. Akajaribu kingine. Kisha, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu, nzito, safi, sauti ya mwenye duka, alisema, "Fungua."

Watu wakasogea karibu. Aligeuka akanitazama. "Fungua," alisema tena. Akamtazama msichana. "Fungua. Fungua."

Msanii mwenyewe alikuwa pale, kijana mwenye nywele ndefu, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Alianza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Walidhani baba anazungumza juu ya kazi ile, kwamba imemgusa, kwamba anatoa ujumbe kwa kizazi kipya. Kijana mmoja alikuwa ameinua simu anarekodi. Msanii akaja akamkumbatia baba, akamwambia, "Asante sana, Mzee. Umeelewa. Umeelewa kabisa."

Baba alikuwa amesimama mikono chini ndani ya kumbatio lile. Nilijaribu kusema. Nilisema, "Hapana, anataka kusoma, anataka kusoma tu," lakini makofi yalikuwa makubwa, na nilipomaliza msichana alikuwa akiniuliza kama tungependa kupigwa picha.

Ile video ilizunguka. Watu walinitumia, hata wateja wangu, wakiniandikia kwamba nina bahati ya kuwa na baba kama huyo. Ndani yake kuna sauti yake, na ndiyo maana sijaifuta. Nimeitazama mara moja tu.

Tangu siku ile hajasema neno lolote. Daktari anasema huenda alipata kiharusi kingine kidogo, huenda sivyo. Anakula nikimlisha, analala nikimlaza, anaelewa yote ninayomwambia. Nilinunua kitabu cha watoto kwa muuzaji wa mitumba, na Jumapili moja mchana, fundi wa chuma akiwa amefunga na kinyozi ameenda kwao, ploti imetulia kama haijawahi kutulia, nilikaa karibu naye nikaanza kumsomea kwa sauti, kidole chini ya neno, jinsi mkutubi alivyokuwa akifanya. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilipofungua wa pili baba aliinua mkono wake mzima akauweka kwenye mdomo wangu. Hakuwa na hasira. Aliuweka pole pole, kama mtu anayemtuliza mtoto, akauacha pale mpaka nikanyamaza.